Kutoka Gamba la Kakakuona hadi Gari la Kasi: Kuunda Modeli ya 1:10 Ukiwa Dodoma

Michoro mingi ya magari ya kasi inayodai kuiga maumbile huishia kwenye taa zenye sura ya jicho la chui na michirizi ya pundamilia mlangoni. Hilo ni pambo. Kinachofaa kuigwa ni kazi ambayo kiungo cha kiumbe kinaifanya: kupitisha hewa, kubeba uzito, kupoza mwili, kuzuia jiwe. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi anayetaka kubuni gari la dhana, yaani gari la kuonyesha wazo na siyo la kuuzwa, kisha alijaribu kwenye modeli ya urefu wa sm 45 kwa vifaa vinavyopatikana kwenye masoko ya Dodoma ya Majengo na Sabasaba na kwenye gereji yoyote ya mafundi bodi.

1. Tafuta tatizo kabla ya mnyama

Andika tatizo moja la gari kwa sentensi moja. Mfano tutakaoufuata hapa: "Injini iliyo nyuma ya dereva inahitaji kutoa hewa ya moto bila kuingiza vumbi gari likiwa limesimama." Sasa uliza ni nani katika maumbile ya hapa ana jambo linalofanana na hilo. Kanda ya kati ina majibu mengi:

- Kakakuona ana magamba yanayopandana, yote yakielekea mkiani. Kila gamba hufunika kiungio cha mawili yaliyo nyuma yake, na akijikunja ncha zake hunyanyuka.
- Mdomo wa hondohondo ni mkubwa lakini mwepesi: nje ganda jembamba gumu, ndani mfupa wenye matundu kama sponji. Paneli za nyuzi za kaboni zenye kiini cha masega zimejengwa kwa kanuni hiyohiyo.
- Tunda la mbuyu lina ganda gumu nje, na ndani mbegu zimezungukwa na unga mkavu na kushikwa na nyuzi nyekundu. Anayebuni sanduku la betri linalotakiwa kuhimili mgongano alipasue moja alitazame kabla ya kuchora.
- Kichuguu kinabadilishana hewa na nje kupitia kuta zake zenye vitundu. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996, lilichukua wazo la kupitisha hewa kutoka kwenye vichuguu, na ukilitazama halina sura ya kichuguu hata kidogo.

Chagua kiumbe kimoja kwa tatizo moja. Ukianza kuchanganya duma, kozi na mbuyu kwenye gari moja, hutaweza kusema kipi kimefanya kazi.

Chunguza pia kama madai kuhusu kiumbe chako ni ya kweli. Mwaka 2005 Mercedes-Benz walionyesha gari la dhana liitwalo Bionic, lililofuata umbo la samaki wa matumbawe mwenye mwili wa sanduku. Gari lilikuwa zuri kweli, na namba yake ya ukinzani wa hewa (ikiwa ndogo, gari hukata hewa kwa urahisi) ilikuwa 0.19. Lakini utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba samaki mwenyewe hatelezi majini kama ilivyodhaniwa, na kwamba umbo lake humyumbisha, jambo linalomsaidia kugeuka upesi kati ya matumbawe. Wahandisi walipata gari jema kutokana na maelezo mabaya ya samaki. Usitegemee bahati hiyo. Mfano wa upande wa pili ni wa Frank Stephenson, aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa kampuni ya magari ya McLaren: alivutiwa na sulisuli, na ngozi ya samaki huyo ikampa wazo la kuweka mparuzo wa magamba ndani ya njia za hewa za gari lao la P1. Kiungo kimoja, kazi moja, mahali pamoja.

Kakakuona mtazame kwenye picha na video. Analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kukutwa na magamba yake ni kosa hata ukisema ni ya mradi wa chuo.

2. Weka vipimo kabla ya uzuri

Gari la kasi la viti viwili lenye injini katikati huwa karibu na vipimo hivi. Kwenye modeli gawa kwa 10:

- Urefu m 4.5 (modeli mm 450)
- Upana m 2.0 (mm 200)
- Kimo m 1.15 (mm 115)
- Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma m 2.7 (mm 270)
- Uwazi wa chini mm 110 (mm 11)
- Tairi za mbele 255/30 R20, kipenyo mm 661 (mm 66)
- Tairi za nyuma 345/30 R20, kipenyo mm 715 (mm 71 hadi 72)

Kata mtu wa kadibodi wa mm 175, mwenye viungo vya pini nyongani na magotini, umlaze kwenye kiti ndani ya mchoro wa ubavuni. Kichwa kikigusa paa, kosa huwa kwenye sakafu au kiti kilichochorwa juu mno, nalo lirekebishwe hapo. Ukiinua paa kwa mm 5 tu kwenye modeli, umeongeza sm 5 kwenye gari na sura yote imeharibika.

Hewa ya Dodoma nayo ihesabiwe. Mji upo kwenye mwinuko wa karibu m 1,100, na kwa nyuzi 25 mita ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kg 1.03, wakati pwani ni kama kg 1.18. Nguvu ya ukinzani ni nusu ya uzito huo, mara kasi ya mita kwa sekunde iliyozidishwa kwa yenyewe, mara namba ya ukinzani (Cd), mara eneo la mbele. Zidisha tena kwa kasi upate nguvu ya injini kwa wati. Eneo la mbele kadiria kwa upana mara kimo mara 0.85, ambalo hapa ni kama m² 2. Magari mengi ya kasi yana Cd kati ya 0.30 na 0.40, tuchukue 0.35. Kwa km 100 kwa saa, gari hili Dodoma linahitaji kW 7.7 kushinda hewa. Kwa km 300 linahitaji kama kW 209, kwa sababu kasi ikiwa mara tatu, nguvu ya injini inayohitajika inakuwa mara 27. Pwani, kwa kasi hiyohiyo ya km 300, zingehitajika kama kW 239.

Wengi hufurahia tofauti hiyo wakasahau upande wake mwingine. Hewa nyepesi hukandamiza gari chini kwa nguvu ndogo zaidi, na rejeta hupitisha uzito mdogo wa hewa kwa sekunde ileile. Injini isiyo na tabo, yaani turbo ya kusukumia hewa ndani, nayo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo kwenye gari la kubuniwa Dodoma, kupoza injini ndilo tatizo zito, na ndiyo maana kakakuona anastahili nafasi.

3. Chora kwa mistari michache

Chora ubavu, juu, mbele na nyuma kwenye karatasi ya milimita kwa kipimo cha 1:10. Mstari wa paa ndio wenye uzito kuliko yote. Majaribio ya mtafiti Ahmed ya 1984, yaliyofanywa kwa bonge lenye mgongo wa nyuma unaobadilishwa pembe, yalionyesha ukinzani ukishuka hadi mteremko wa karibu nyuzi 12, kisha ukipanda hadi kilele kwenye nyuzi 30. Basi shusha paa kwa mm 21 hadi 27 kwa kila mm 100 za kwenda nyuma, ukianza kwa upole pale kilele cha paa kinapoishia. Usiuburute mkia hadi uwe mwembamba. Ukate wima ukifika kimo cha mm 75 hivi. Mkato huo ulianza kuheshimiwa tangu kazi za Mjerumani Wunibald Kamm miaka ya 1930.

Chini ya mkia, sakafu inayopanda isizidi nyuzi 7 hadi 10. Ukiipandisha zaidi, hewa huachana na sakafu na faida yote hupotea.

Kabla hujaendelea, kata tuta la kadibodi lenye kimo cha mm 10 upitishe chini ya mchoro wa ubavu. Pua iliyotokeza mm 100 mbele ya ekseli ina pembe ya kama nyuzi 6 tu. Kwa matuta tunayoyajua, gari hili litahitaji mfumo wa kunyanyua pua; utaje kwenye maelezo yako badala ya kuinua gari zima.

4. Jenga kiini

Vifaa: plaiwudi ya mm 6 yenye ukubwa wa mm 430 kwa 180, foma nyeupe ngumu ya kuzungushia friji au televisheni, vipande viwili vya mm 50, gundi nyeupe ya mbao lita 1, magazeti, filla ya bodi kg 1.5 pamoja na kikaushio chake; msasa namba 80, 120, 240, 400 na 800; praima; barakoa ya vumbi.

Watu hushawishika kutumia udongo wa mfinyanzi kwa kuwa ni wa bei ndogo. Ukikauka hupungua kwa asilimia 5 hadi 10, yaani modeli ya mm 450 inapoteza kati ya mm 22 na 45, tena bila usawa, na ukame wa Dodoma kuanzia Juni huipasua kabla hujamaliza upande wa pili. Udongo wa kwenye studio za magari ni wa nta, hupashwa joto la nyuzi 55 hadi 60 ndipo hulainika, na haukauki kabisa. Ni vitu viwili tofauti.

Gundisha vipande vya foma kwa gundi ya mbao juu ya plaiwudi, weka uzito juu, acha usiku mzima. Tengeneza violezo vya kadibodi vya nusu mwili kwa kila mm 50 kutoka puani hadi mkiani, jumla 10. Kila kiolezo kinatumika kulia, kisha kinageuzwa kushoto. Hapo ndipo usawa wa pande mbili unapopatikana. Jicho pekee halitoshi, hata la fundi mzoefu.

Kata kwa bledi ya msumeno wa chuma, malizia kwa msasa namba 80 uliozungushiwa kibao. Foma ibaki mm 3 chini ya mstari wa mwisho kila mahali, kwa sababu filla itachukua nafasi hiyo. Katika hatua hii chimba chumba cha injini: shimo la mm 90 kwa 90, kina mm 40, kwenye mgongo wa nyuma, na njia mbili za hewa kutoka ubavuni zenye mdomo wa mm 14 kwa 30 kila moja. Njia ipanuke taratibu kuelekea ndani. Mdomo mdogo na njia inayopanuka huipunguzia hewa kasi kabla ya kufika kwenye rejeta, na rejeta hupenda hewa ya taratibu.

5. Funika foma vizuri kabla ya filla

Modeli nyingi hufia hapa. Filla ya bodi ina kemikali inayoyeyusha foma nyeupe, na thina hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi. Ukipaka filla moja kwa moja utasikia foma ikilia na kuona bonde likifunguka. Mbaya zaidi ni tundu dogo lisiloonekana: nje modeli inaonekana safi, siku ya pili unabonyeza paa, linazama, ndani kuna pango.

Chana magazeti vipande vya sm 3 kwa 5. Changanya gundi vikombe vitatu na maji kikombe kimoja. Bandika tabaka tatu, kila moja ikikauka kabisa kabla ya nyingine, kisha paka gundi tupu isiyo na maji mara mbili. Pita na tochi ukitafuta mng'ao: palipofifia pana upenyo. Ndani ya njia za hewa ndiko husahaulika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha foma kilichobaki, ukifunike vilevile, upake filla na kukikata baada ya saa 24.

6. Filla na msasa

Gramu 100 za filla huchukua gramu 2 za kikaushio. Mchana wa Oktoba punguza hadi gramu 1.5, la sivyo itaganda kibaoni ndani ya dakika tatu. Fanya kazi hii asubuhi. Paka tabaka la mm 2, acha, piga msasa, kisha la pili. Tabaka nene moja hupasuka na kuacha mapovu ndani. Usiilainishe filla kwa thina ili iteleze. Haitakaza sawasawa, na rangi itakunja uso baadaye.

Msasa namba 80 huleta umbo, 120 huondoa mikwaruzo ya 80, 240 hulainisha. Tumia kibao kirefu cha sm 15 kwenye ubavu na paa. Vidole vitupu huchimba mawimbi ambayo hutayaona hadi rangi ing'ae. Ili kuyawahi, lowesha uso kwa maji, washa taa ya tubu pembeni, ufuate mstari wa mwanga ukitembea kwenye bodi. Mstari ukikatika au ukijikunja ghafla, hapo pana bonde.

7. Magamba

Magamba ya kufunika chumba cha injini yakate kwenye plastiki ya dumu la mafuta yenye unene wa mm 1: kwa kila seti (zitakuwa mbili) vipande 23 na vya akiba vitatu, kila kimoja upana mm 18 na urefu mm 22, ncha ya nyuma ikiwa ya mviringo. Safu tano: tano, nne, tano, nne, tano. Mwachano wa safu ni mm 18.

Anza kubandika mkiani ukija mbele, kama fundi wa vigae anavyoanza chini ya paa. Anayeanza mbele huishia na magamba yanayotazama upepo, yanayoingiza hewa na vumbi badala ya kutoa hewa ya moto. Kila safu isogezwe nusu gamba ili ifunike viungio vya iliyo nyuma yake. Chini ya ncha ya kila gamba weka kipande cha kadibodi cha mm 3, kibanzi chembamba tu katikati, kisizibe njia.

Hesabu ya uwazi: magamba 23 mara mm 18 mara mm 3 ni mm² 1,242. Midomo miwili ya kuingizia ni mm² 840. Sehemu ya kutokea ni karibu mara moja na nusu ya sehemu ya kuingilia, na inapaswa kuwa kubwa zaidi, kwani hewa iliyopata joto kutoka nyuzi 30 hadi 80 huongezeka ujazo kwa kama asilimia 16, na magamba yenyewe yanaibana kidogo inapopita.

Kwenye gari halisi magamba yangeunganishwa na mota ndogo: yakifungwa gari linaposimama, vumbi haliingii, yakifunguka injini inapochemka. Tengeneza seti mbili, moja iliyofungwa na moja iliyofunguka, kila seti kwenye kifuniko chake cha kupachika, upate cha kulinganisha.

8. Jaribu kwa upepo

Chukua boksi la friji, tengeneza njia ya hewa yenye mdomo wa mm 400 kwa 400 na urefu wa m 1.2. Mbele weka wavu wa kadibodi wa vyumba vya mm 25, kina mm 150. Feni iwe nyuma, ikivuta hewa; feni inayosukuma huleta hewa inayozunguka, na utasoma tabia ya feni ukidhani ni ya gari. Ubavuni kata dirisha la plastiki angavu.

Gundisha nyuzi nyepesi za mm 20 kwenye modeli kwa kila sm 3. Uzi uliolala na kutulia una maana hewa imeshikamana na bodi. Uzi unaotikisika au kurudi nyuma unaonyesha imeachana. Kisha weka feni kwenye mwendo wa chini, washa udi mbele ya mdomo wa ubavuni, utazame moshi unatokea wapi. Ukitoka kati ya magamba na kulala juu ya mkia, njia inafanya kazi. Ukibaki ndani na kurudi mdomoni, pembe ya magamba ni ndogo au chumba kimeziba kwa gundi.

Usiandike Cd kutokana na jaribio hili. Hewa ya m 4 kwa sekunde kwenye modeli ya 1:10 ina tabia tofauti na ya gari halisi kwa km 100 kwa saa, tofauti ya kama mara 70 kwenye namba ambayo wahandisi huita ya Reynolds, na kwenye modeli hewa huachana na bodi mapema kuliko kawaida. Ukanda mwembamba wa mchanga laini uliogundishwa sm 2 nyuma ya pua husaidia kwa kiasi. Mzani wa jikoni nao hautoshi: nguvu nzima ya ukinzani ni gramu 6 au 7 tu, na mzani unaoruka kwa gramu 1 hauwezi kutofautisha magamba yaliyofungwa na yaliyofunguka. Tafuta wa gramu 0.1, au uridhike na nyuzi na moshi. Chini ya gari usiamini chochote, maana sakafu ya boksi haitembei na magurudumu hayazunguki.

9. Rangi na picha

Praima mbili, msasa 400 kisha 800 kwa maji, rangi tatu nyepesi. Piga alfajiri kabla upepo haujaamka na umwagie sakafu maji, kwa kuwa vumbi jekundu likitua kwenye rangi mbichi linageuka punje. Kopo la kupuliza likae sm 25 kutoka kwenye bodi. Likikaribia, rangi huchuruzika, likiwa mbali hukauka hewani na kuacha uso wa mchanga.

Picha zipigwe kamera ikiwa sm 15 hadi 16 juu ya meza, kimo cha jicho la mtu aliyesimama kwa kipimo cha 1:10. Simama m 2 nyuma na utumie zumu. Simu ikisogezwa karibu huivimbisha pua na gari linaonekana kama mdoli. Kando ya picha ya magamba weka picha ya kakakuona mwenyewe, mchoro wa njia ya hewa wenye mishale, na picha mbili za moshi: kifuniko kilichofungwa na kilichofunguka.